Sahani ya Vyumba Vitatu

Mumewe ndiye aliyempa cheo cha Waziri wa Vyombo, na cheo hicho hakikuwa na mshahara wala likizo. Majirani walikidaka, wauza mitumba wakakieneza, mwishowe hata wenzake wa jikoni hospitalini wakawa wanamwita Waziri bila kucheka. Mwenyewe alijifanya hakipendi. Lakini mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, alichelewa kugeuka.

Wizara yenyewe ilikuwa kabati la milango minne lililosimama sebuleni na kula ukuta mzima, hata ikabidi kochi lisogezwe mpaka likaziba nusu ya dirisha. Ndani mlikuwa na vyombo sitini na vitatu vya kuandalia chakula, na kila kimoja kilitengenezwa kwa kazi moja tu. Mlikuwa na sahani ya samaki mzima, ndefu kiasi cha kulaza mtoto mchanga. Mlikuwa na chombo cha mayai ya kuchemsha chenye vishimo sita, si vitano wala saba. Kisahani cha siagi chenye paa na bomba la moshi. Bakuli la supu ambalo mfuniko wake ulikatwa tundu la kupitishia mpini wa upawa. Kichanja cha kusimamishia vipande vya mkate visije vikaegemeana. Kijagi cha mchuzi chenye mdomo wa bata. Na mlikuwa na sahani moja nzito yenye vishimo kumi na viwili, ambayo aliinunua kwanza ndipo akauliza kazi yake. Muuzaji alipomwambia ni ya kuandalia konokono, aliifunga kwenye gazeti, akaondoka nayo. Konokono hajaingia mle na hataingia. Hata hivyo chini yake, kama chini ya kila chombo cha kabati lile, kuna kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu, nacho kinasema kwa mwandiko wa kulala: ya konokono.

Sheria ya wizara ilikuwa moja: chombo hakitiwi kisichokuwa chake. Kwa kuwa samaki mzima ni ghali, supu ilipikwa kwa nadra na mayai yaliliwa mawili mawili, vyombo vilikaa tu vikisubiri siku yao. Wageni walikuja wakaondoka wakiwa wamekula kwenye sahani za plastiki. Mumewe alikuwa akinywa chai kwa kikombe kilichokatika mkono, akitazama kabati, kisha anauliza kwa upole kama kuendesha kijagi cha mchuzi kunahitaji leseni ya daraja gani. Mkewe alimjibu kwamba chombo cha kila kitu si chombo, ni debe.

Kilichomfanya awe hivyo si siri. Alikuwa mgawaji chakula hospitalini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kila siku kabla ya saa sita mchana alijaza sahani za chuma zenye vyumba vitatu: wali chumba kikubwa, maharage chumba cha kati, mboga kwenye kile kidogo cha pembeni. Alizipanga kwenye toroli, akasukuma wodi hadi wodi, akaacha sahani kwenye kila kimeza, akaondoka. Baada ya saa moja alirudi kukusanya. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo alikuwa ameziona sahani zikiwa zimejaa na ameziona zikiwa tupu, lakini hapo katikati hakuwahi kupaona. Wagonjwa walipokuwa wakila, yeye alikuwa jikoni anasugua masufuria. Alizichukia sahani zile. Alichukia mlio wake, uzito wake, na jinsi mchuzi ulivyoruka ukuta kwenda kuchungulia kwa jirani. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza kazini, njiani kurudi nyumbani, alikiona kile chombo cha mayai kwenye turubai la mtumba. Alikinunua, akakiweka mezani, akakaa kukitazama mpaka chai ikapoa. Kitu kimoja, mahali pake. Moyo ulitulia, na ndivyo tabia zote mbaya zinavyoanza.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya watu wanaoendesha magari mjini pale walipita mikononi mwake, yeye kakaa kiti cha abiria, mguu wake juu ya breki ya pili, uso mkavu. Hakuwahi kupandisha sauti. Mwanafunzi akiangusha koni zote sita na kupanda ukingo wa barabara, yeye alikuwa akizima gari, anashusha pumzi, anasema, "Umefeli. Njoo kesho." Maneno hayo aliyasema pamoja siku zote. Wapo waliofeli mara kumi na nne, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa la kwanza akakosa kuambiwa la pili.

Kisha kiharusi kikamkuta akiwa anafunga kamba za viatu. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani mguu unavutavuta, ulimi umepona, mkono wa kulia umelala kifuani kama wa kuazima. Mkewe alimpokea kwa kufanya jambo ambalo hata ndugu zake hawakuliamini waliposimuliwa. Alifungua kabati.

Ilikuwa Jumapili. Alimwalika binti yao, msusi, aliyekuwa na chumba chake mtaa wa pili. Alivunja sheria yake mwenyewe mchana kweupe: wali kwenye sahani ya samaki, nyama kwenye bakuli la supu, mboga kwenye chombo cha ghorofa tatu cha keki. Meza iling'aa. Mumewe alipewa sahani bapa ya kaure yenye ukingo wa dhahabu, laini kama barafu, na kijiko cha fedha mkono wa kushoto, mkono ambao katika miaka sitini na minne haukuwahi kushika hata ufunguo.

Kijiko kiliusukuma wali, wali ukakimbia. Kikaufuata upande wa pili, sahani nayo ikazunguka, nusu ya wali ikaruka ukingo na kutua kwenye kitambaa. Alijaribu tena, na tena, jasho likimtoka, mpaka binti yake akashindwa kuvumilia. Kwa huruma tupu, kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, alikichukua kile kijiko, akakijaza, akakipeleka mdomoni mwa baba yake. "Baba, fungua mdomo."

Mwalimu hakufungua. Aliinuka, akajikokota hadi chumbani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakuonekana tena mezani. Alidai anapenda kula chumbani kwa sababu kuna upepo. Mkewe alipeleka chakula, mlango ukafungwa, na baada ya nusu saa sahani ikarudi ikiwa imechokonolewa pembeni tu. Aliulizwa kama chakula ni kibaya, akasema ni kizuri sana. Aliulizwa kama anaumwa, akasema ameshiba. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu jingine. Wiki ya sita, kliniki, daktari alisoma mizani mara mbili, akawaambia bila kuzungukazunguka: mzee akirudi baada ya wiki mbili amepungua tena, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mwalimu alitazama ukuta. Walipofika nyumbani alisema jambo moja tu, kwamba hospitali harudi, hata wamfunge kamba.

Hapo ndipo mkewe aliposhindwa kutulia. Aliamka, akapanga vyombo kwa ukubwa. Hakuridhika, akavipanga kwa rangi. Akavitoa vyote, akafuta rafu zilizokuwa safi, akavirudisha. Alikaa, akasimama. Alikwenda mpaka mlango wa chumbani, akasikiliza kijiko kikikwaruza sahani, kikwaru, kikwaru, kisha kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko kelele. Aliogopa. Aliona pia hasira, na aliona haya kumwonea hasira maskini ya Mungu, lakini alikuwa nayo: hasira na mlango, na ukaidi ule, na kabati zima la vyombo vya kila kazi duniani ambamo hakuna hata kimoja cha kazi hii.

Maana alivijaribu. Alipeleka wali kwenye bakuli la zeituni, likapinduka. Akapeleka viazi kwenye sahani ya konokono, kipande kimoja kila kishimo, akidhani amevumbua. Mumewe aliirudisha ikiwa nzima na ujumbe mfupi kwamba yeye si ndege. Alimpelekea uji kwenye kijagi cha mchuzi anywe kwa ule mdomo wa bata, na afadhali asingepeleka. Hata binti yao alimwonya kwa simu: "Mama, mwache kidogo. Unamhangaikia mpaka anajiona mzigo." Alijibu sawa, akakata simu, akaenda tena mlangoni kusikiliza.

Kazini nako mawazo hayakumwacha. Siku moja, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya kliniki, aligawa chakula wodi ya wanaume akiwa kichwa hakipo. Alipofika kitanda cha mwisho akasahau kuondoka. Alisimama tu, mikono kwenye mpini wa toroli. Mgonjwa wa kitanda kile alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya useremala, mkono mmoja umefungwa bandeji mpaka begani. Yule mzee hakujua kama anatazamwa. Alichukua kitambaa chake cha uso, kibichi bado kwa maji, akakikunja, akakitandika chini ya sahani ya chuma. Akashika kijiko. Akausukuma wali polepole mpaka ukafika kwenye ukuta wa chumba chake. Wali haukuwa na pa kukimbilia, ukapanda kwenye kijiko wenyewe. Akala. Akarudia. Sahani haikuyumba na punje haikudondoka, na yule mzee alikuwa akila huku anasoma gazeti la juzi.

Waziri alisimama pale mpaka sahani ikabaki tupu. Miaka ishirini na miwili, na alikuwa haijui kazi ya kuta zile. Aliona zinatenganisha maharage na wali, basi. Mzee alipoinua macho akamuuliza kama kuna nyongeza, alimpa mara mbili ya kipimo, kosa ambalo hajawahi kulifanya kazini kabla wala baada.

Jioni alimwendea mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye maneno machache, akaomba sahani moja katika zile zilizobonyea zinazosubiri kutupwa. Mpishi mkuu alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Alitaka kujua tangu lini Waziri anaokota takataka za serikali. Alipoambiwa sababu, aliingia stoo, akatoka na mbili, akamwambia kitu hakikai peke yake.

Nyumbani alipika wali na maharage, akapanga kila kimoja katika chumba chake, akatandika kitambaa kibichi kwenye kimeza cha kitandani, akaingia. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa bibi harusi. Mwalimu aliitazama sahani muda mrefu. Alikuwa amekula kwenye sahani kama ile wiki tatu, akilishwa na muuguzi, na mkewe katika furaha yake hakulifikiria hilo hata kidogo.

"Kwa hiyo umeshanilaza," alisema.

Mkewe alijaribu kumweleza habari za yule seremala, za ukuta, za kitambaa. Maneno yalitoka mafungu mafungu. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu yake ileile ya siku zote, kisha akamwomba aitoe. Akaitoa. Jikoni alikula chakula kile kwa kusimama, akilia, na kama kuna mtu atamlaumu kwamba alilia huku anakula, basi hajawahi kushinda hospitali na njaa.

Usiku hakupata usingizi wa maana. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko, na mpaka saa saba mchana alikuwa amefagia mara tatu. Wazo likamwingia, na si la ujanja, wala asisifiwe bure: alitaka tu kujua. Alitaka kuujua ugumu wenyewe, maana alikuwa amepeleka sahani bila idadi kwenye chumba kile na hajawahi kula hata tonge moja kwa mkono wa kushoto. Aliiweka sahani ya chuma kwenye meza ya sebuleni, akaijaza, akaukalia mkono wake wa kulia, akashika kijiko.

Ilikuwa balaa. Kijiko kiligonga ukuta kikaruka. Wali ulimwingia kifuani. Alijaribu kuuparamia ukingo kwa nguvu, sahani ikalia ngwaa, maharage matatu yakabiringika mpaka chini ya kabati la vyombo sitini na vitatu. Aliguna, akaanza upya. Ngwaa tena. Alisahau kama kuna mtu ndani. Alikuwa ameinama, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, anaulaani wali kwa sauti.

Sasa, mtu anaweza kuacha kula, anaweza kuacha kutembea, anaweza hata kuacha kuongea na mkewe. Lakini mtu aliyefundisha udereva miaka thelathini hawezi kukaa chumbani akisikia mwenzake anagonga ukuta mara nane mfululizo.

Mlango ulifunguka. Mguu ulivuta, ukavuta, ukasimama nyuma ya kiti. Mwalimu alitazama sahani, akatazama kifua cha mkewe, akatazama ule mkono uliokaliwa. Kitu fulani kilimpita usoni, na mkewe hakuthubutu kugeuka kukiona vizuri.

"Unaingia kwa kasi mno," alisema. "Ukuta si adui yako. Nenda taratibu mpaka uuguse, halafu ndiyo upandishe."

Akajaribu. Ngwaa.

"Hapana. Rudi nyuma kwanza. Jipe nafasi. Sasa nyoosha. Usitazame kijiko, tazama unakokwenda." Alisubiri, akaona, akavumilia moja zaidi, kisha uvumilivu ukamwishia. "Hebu sogea."

Alivuta kiti kwa mguu mzima, akaketi, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Alirudi nyuma kidogo, akanyoosha, akausukuma wali polepole kama gari linaloingia kati ya magari mawili, ukagusa ukuta, ukapanda. Kijiko kilijaa. Alikishikilia hewani ili mwanafunzi aone, na kwa kuwa kijiko kilichojaa hakina pengine pa kwenda, alikitia mdomoni.

Alitafuna akitazama sahani. Mkewe hakupumua.

"Umeona? Angalia tena," alisema, akarudia. Akamwonyesha kona ya kushoto, ambayo ni ngumu. Akamwonyesha jinsi ya kukusanya maharage yaliyotawanyika. Alieleza kila hatua, akarudia ile ya kona kwa sababu hakuridhika nayo, na katikati ya maelezo akakunja uso, akauliza kwa nini wali ni mkavu hivi, mchuzi uko wapi katika nyumba yenye waziri mzima. Mkewe aliruka. Alifungua kabati, akatoa kijagi chenye mdomo wa bata, akakijaza mchuzi uliokuwa jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe kikafanya kazi yake. Hakikumwaga hata tone. Mwalimu alikiri kwa kichwa tu kwamba ni chombo kizuri.

Somo liliendelea mpaka chumba kikubwa kikabaki cheupe, kile cha kati kikafuata. Ndipo Mwalimu alipogundua amekula, akatazama sahani tupu kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeimaliza. Mkewe alikuwa ameshachukua ile ya pili, ile ambayo mpishi mkuu alisema haikai peke yake. Aliipakulia, akaikalisha mbele yake juu ya kitambaa kibichi, akaketi ubavuni mwa mumewe, mkono wa kulia chini ya paja.

"Sasa wewe," Mwalimu alisema.

Alirudi nyuma. Akajipa nafasi. Akanyoosha, akatazama anakokwenda, akasukuma taratibu, na wali ulikuwa umeshaanza kupanda pale mkono ulipomsaliti. Kijiko kiliteleza, ukuta ukalia ngwaa, na fungu zima likatua kwenye mapaja ya mumewe.

Mwalimu alitazama suruali yake. Kwa mkono wa kushoto aliokota wali punje kwa punje, akauweka pembeni ya sahani. Alishusha pumzi.

"Umefeli," alisema. "Njoo kesho."